Jaribio Ndani ya Hesabu: Elektroni Nyuma ya Wimbi la Leza

Nambambo imo katika wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi, katika nchi ambayo iliwahi kulimwa kwa kalamu kabla ya kulimwa kwa jembe. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu kutoka Uingereza, ukiongozwa na John Wakefield, ulizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa za ardhi zikitazamwa kutoka katika ndege tu. Waliporudi kwao waliandika hesabu: ekari 3,210,000 zifyekwe kwa matrekta, zipandwe karanga, na mafuta yake yaende Ulaya iliyokuwa na upungufu baada ya vita. Nachingwea, Kongwa na Urambo zikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Katika karatasi zile kujumlisha na kuzidisha hakukuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa katika mambo ambayo hesabu iliyadhania bila kuyapima: ugumu wa udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi, mvua, mizizi ya miti, na muda wa kujenga bandari na reli. Januari 1951 mpango ulivunjwa, na pauni za Kiingereza zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwisha potea. Bandari ya Mtwara, iliyokusudiwa kusafirisha karanga hizo, ilifunguliwa mwaka 1954, wakati hapakuwa tena na karanga za mpango za kusafirisha. Reli iliyotoka pwani kwenda Nachingwea ilifungwa mwaka 1962.

Habari hii husomwa katika vipindi vya historia. Yafaa isomwe pia katika vipindi vya fizikia, kwa kuwa inahusu jambo ambalo wanafizikia wa leo hulifanya kila siku kwa makusudi: kujenga kitu kizima ndani ya hesabu, kukitazama kikienda, na kuamua kwa njia hiyo kama kinafaa kujengwa kwa chuma na kioo. Kazi hiyo huitwa uigaji. Mfano wake mmoja ulio mzuri sana ni ule wa kuchapua elektroni kwa mwanga wa leza ndani ya plazma. Katika mfano huo kompyuta haikungoja kueleza jaribio lililokwisha fanyika. Yenyewe ilitangulia, na maabara zikafuata nyuma yake kwa miaka ishirini na mitano.

Urefu wa kichapuzi

Kichapuzi ni mashine ya kuzipa chembe ndogo mwendo mkubwa. Nishati ya chembe hizo hupimwa kwa elektronivolti, yaani nishati ambayo elektroni moja huipata ikivuka tofauti ya volti moja. Kichapuzi cha Stanford, Marekani, kilichoanza kazi mwaka 1966, kina urefu wa kilomita 3.2, na baada ya kuimarishwa kilizifikisha elektroni kwenye kiasi cha elektronivolti bilioni 50. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba kila mita moja ya mashine ile iliongeza chini kidogo ya elektronivolti milioni 16.

Kwa nini isiongezwe zaidi katika kila mita, ili mashine iwe fupi? Jibu limo katika chuma chenyewe. Elektroni husukumwa na uga wa umeme uliomo ndani ya mirija ya shaba. Uga huo ukizidishwa mno, uso wa shaba huanza kutoa cheche, elektroni hung'oka kutoka katika kuta, na mashine hujiharibu. Zipo mbinu za kuusogeza mpaka huo mbele kidogo, lakini mpaka wenyewe haundoki. Atakaye nishati kubwa hana budi kununua urefu, na urefu huuzwa kwa bei ya mahandaki, sumaku na umeme.

Plazma haina mpaka huo, kwa sababu imekwisha vunjika. Ni gesi ambayo atomu zake zimetenganishwa na elektroni zake, kama ilivyo ndani ya radi, ndani ya jua, na ndani ya mrija wa taa ya darasani inapowaka. Elektroni zinaelea upande mmoja, na ioni, ambazo ni viini vizito vilivyobaki, zinaelea upande mwingine, zote zikiwa zimechanganyika. Kitu kilichokwisha vunjika hakiwezi kutiwa cheche kikavunjika tena. Swali linalobaki ni moja: nani atausimamisha uga wa umeme ndani ya mchanganyiko huo usio na kuta?

Jahazi la nuru

Mwaka 1979 Toshiki Tajima na John Dawson, wakiwa katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, walichapisha makala fupi iliyojibu swali hilo. Wazo lao anaweza kulielewa mtu yeyote aliyepata kusimama kando ya hori ya Lindi chombo kinapopita. Chombo husukuma maji pembeni. Maji hurudi kuziba nafasi, lakini hayatulii mara moja, hupanda na kushuka. Hivyo nyuma ya chombo hubaki mawimbi yanayokifuata kwa mwendo ule ule wa chombo chenyewe.

Katika plazma, chombo ni mpigo mfupi wa mwanga wa leza. Mwanga mkali huzisukuma elektroni pembeni. Ioni hazisogei, kwani hata ile nyepesi kuliko zote, ya haidrojeni, ina uzito wa elektroni 1,836. Mpigo ukiisha kupita, ioni huzivuta elektroni zirudi. Nazo hurudi kwa kasi, hupitiliza mahali pake, huvutwa tena, na kuendelea kutikisika. Basi nyuma ya mwanga hutokea wimbi la mahali penye elektroni nyingi na mahali penye upungufu wa elektroni, likikimbia karibu sawa na mwanga wenyewe. Kati ya penye wingi na penye upungufu kuna uga wa umeme. Elektroni iliyo mahali panapofaa huchukuliwa na uga huo kama mtumbwi mdogo unaochukuliwa na mgongo wa wimbi.

Ukubwa wa uga huo unashangaza. Katika plazma yenye elektroni bilioni bilioni (yaani 1 ikifuatwa na sifuri 18) katika kila sentimita ya ujazo, uga unaweza kukaribia volti bilioni 96 kwa mita. Linganisha na ile milioni 16 ya Stanford. Kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kingine ni mikroni 33 tu, pungufu ya unene wa unywele. Kwa hesabu ya Tajima na Dawson, sentimita moja ya plazma ya namna hiyo ingetosha kuzipa elektroni nishati ya elektronivolti bilioni kadhaa.

Waliyajuaje hayo? Hawakuwa na leza ya kufanyia jaribio. Waliandika wenyewe katika makala yao kwamba uchapuaji huo umeonyeshwa kwa uigaji wa kompyuta. Plazma yao ilikuwa ya namba, leza yao ilikuwa ya namba, na vyote viliruhusiwa kwenda katika mstari mmoja tu, mbele na nyuma, kwa kuwa kompyuta za wakati ule hazikuweza zaidi.

Leza yenyewe ilichelewa. Ukitaka kuukuza mpigo mfupi wa mwanga mpaka uwe na nguvu nyingi, hufika mahali ukakiharibu kioo kinachoukuza. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou, katika Chuo Kikuu cha Rochester, walipata njia: mpigo hunyoshwa kwanza uwe mrefu na dhaifu, hukuzwa ukiwa katika hali hiyo, kisha hukusanywa tena uwe mfupi. Ni kama umati unaovuka daraja la miti mmoja mmoja, halafu ukajikusanya ng'ambo. Kazi hiyo iliwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018. Kwa njia hiyo mpigo wa leo waweza kudumu kiasi cha sehemu 30 za sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Katika muda huo mwanga, ambao huizunguka dunia mara saba na nusu kwa sekunde moja, husafiri mikroni 9.

Hatua nne zinazorudiwa

Kanuni za mchezo huu zote zinajulikana tangu karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Milinganyo ya Maxwell inaeleza nyuga za umeme na sumaku. Kanuni ya Newton, ikirekebishwa na Einstein kwa chembe ziendazo kasi, inaeleza mwendo. Ugumu umo katika wingi. Kila elektroni inasukumwa na nyuga, na kila elektroni inasaidia kuzifanya nyuga hizo hizo. Ni kama soko ambalo kila mtu hufuata umati, na umati wenyewe ni watu hao hao.

Kabla kompyuta za elektroni hazijawapo, Douglas Hartree wa Manchester na wenzake, akiwamo Oscar Buneman, walizifuata njia za elektroni katika mirija ya rada wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa mashine za hesabu za mezani. Baadaye, Buneman na Dawson, kila mmoja kwa njia yake, waliihamishia kazi hiyo katika kompyuta na kuielekeza kwenye plazma. Utaratibu uliokua kutokana na juhudi hizo ni mwepesi kueleza. Nafasi hugawanywa kwa wavu wa vijumba vidogo. Chembe hutawanywa ndani ya vijumba. Kwanza, chaji na mikondo ya chembe huhesabiwa na kugawiwa kwenye vifundo vya wavu. Pili, kutokana na hizo, nyuga za umeme na sumaku hupatikana kwenye vifundo. Tatu, kila chembe husomewa uga wa mahali ilipo, na kani inayoisukuma hupatikana. Nne, chembe husogezwa kidogo. Kisha mambo huanza upya.

Hesabu kidogo itaonyesha mzigo ulivyo. Tuseme leza ina mawimbi ya mikroni 0.8, na kila wimbi linahitaji vijumba 20 ili lisionekane limekatika. Basi kijumba kimoja kina urefu wa mikroni 0.04. Sanduku la hesabu, ambalo husafiri pamoja na mwanga ili kisihesabiwe kisichohitajika, liwe na urefu wa mikroni 80: hivyo ni vijumba 2,000. Upana na kimo viwe mikroni 100 kila kimoja, kwa vijumba vya mikroni 0.25: vijumba 400 kwa 400. Jumla ni vijumba milioni 320. Tukiweka chembe mbili katika kila kijumba, tunapata chembe milioni 640.

Hizo si elektroni zote. Katika nafasi hiyo plazma ya kweli ingekuwa na elektroni bilioni 800, kwa hiyo kila chembe ya kompyuta inabeba chaji na uzito wa elektroni 1,250. Ni udanganyifu unaokubalika, kwa masharti, na masharti hayo ndiyo humkosesha mtafiti usingizi: chembe zikiwa chache mno huleta kelele, yaani nyuga za bahati ambazo katika plazma ya kweli hazipo.

Mwanga uvuke sentimita moja, ukienda mikroni 0.04 kwa kila hatua: hatua 250,000. Zidisha kwa chembe milioni 640, na jibu ni misukumo trilioni 160. Mtu akiweza kukokotoa msukumo mmoja kwa dakika moja, bila kulala wala kula, angemaliza baada ya miaka milioni 304. Kompyuta moja iwezayo misukumo milioni moja kwa sekunde ingemaliza baada ya miaka mitano. Kompyuta elfu moja za namna hiyo zikigawana kazi bila kupoteza muda zingemaliza kwa siku mbili hivi. Ndiyo maana uwanja huu ni miongoni mwa zile kazi zinazozila kompyuta kubwa za dunia. Mwaka 2022 programu iitwayo WarpX, iliyotumika kuiga uchapuaji wa aina hii, ilipewa Tuzo ya Gordon Bell baada ya kuendeshwa katika kompyuta zilizokuwa kubwa kuliko karibu zote, zikiwamo Frontier ya Marekani na Fugaku ya Japani.

Povu lililoonekana kwanza katika namba

Kwa miaka mingi elektroni zilizotoka katika majaribio zilikuwa na kasoro moja kubwa. Zilichapuliwa, la hasha si uongo, lakini kila moja ilitoka na nishati yake. Boriti ya namna hiyo haina faida kubwa, kama bunduki ambayo kila risasi yake ina mwendo tofauti.

Mwaka 2002 Alexander Pukhov na Jürgen Meyer-ter-Vehn walichapisha uigaji wa nafasi kamili ya pande tatu. Katika namba zao walikuta jambo ambalo mstari mmoja wa mwaka 1979 usingeliweza kulionyesha. Mpigo ukiwa mfupi na mkali vya kutosha, haufanyi tena mfululizo wa mawimbi. Unazifukuza elektroni zote na kuacha nyuma yake povu moja, tupu ndani, likizungukwa na ganda la elektroni. Kwenye mkia wa povu hilo elektroni chache hunaswa kwa pamoja, huchapuliwa kwa pamoja, na hutoka na nishati zinazokaribiana.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2004, makundi matatu, la Uingereza, la Ufaransa na la Marekani, yalitangaza katika toleo moja la jarida la Nature kwamba yamezipata boriti za namna hiyo katika maabara. Mwaka 2006 maabara ya Berkeley, California, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, ilifikisha elektronivolti bilioni moja katika sentimita 3.3. Mwaka 2014 Berkeley ilifikisha bilioni 4.2 katika sentimita 9, na mwaka 2019 bilioni 7.8 katika sentimita 20. Kwa kila hatua kati ya hizo, uigaji ulitumiwa kuchagua plazma iwe nzito kiasi gani na irefuke mpaka wapi. Ikirefuka mno elektroni hulipita wimbi, nalo huanza kuzirudisha nyuma.

Zoezi la ubaoni

Mwalimu wa Nambambo hahitaji Frontier. Ubao na chaki vyatosha kuonyesha roho ya jambo, pamoja na hatari yake. Chukua elektroni moja ya plazma iliyosukumwa umbali wa 10 kutoka mahali pake. Mchapuko wake uwe kila wakati sawa na umbali wake, lakini kwa kuelekea upande wa pili. Kwa vipimo hivi mtikisiko mmoja kamili huchukua muda wa 6.28. Chagua hatua ya wakati iwe 0.5. Mwendo wa kwanza hupatikana kwa nusu ya hatua: 10 mara 0.25, yaani 2.5 kurudi nyuma. Umbali mpya ni 10 kutoa 1.25, yaani 8.75. Sasa ongeza mwendo kwa hatua nzima: 2.5 na 4.375 hufanya 6.875 kurudi nyuma, na umbali huwa 5.31. Wanafunzi wakiendelea kwa zamu watapata 0.55, kisha −4.36, −8.17, −9.94, halafu −9.23: elektroni imepita mahali pake, imefika upande wa pili karibu na 10, na imeanza kurudi. Namba hazikuambiwa habari yoyote ya mtikisiko, zimeugundua zenyewe.

Rudia sasa kwa hatua ya 3, kwa tamaa ya kumaliza mapema. Umbali utakuwa 10, kisha −35, kisha 235, kisha −1,610. Hakuna aliyekosea kuzidisha. Elektroni imetoka nje ya kijiji, nje ya wilaya, na kompyuta ingeendelea kuifuata kwa utiifu mpaka namba zisipotosha katika kumbukumbu yake. Katika mfano huu mpaka uko kwenye 2: hatua ndefu kuliko hiyo hulipua hesabu. Mlipuko wa namna hii una heri, maana unaonekana. Lililo baya zaidi ni kosa dogo linalotoa jibu la kupendeza, na kwa ajili hiyo watafiti hurudia uigaji ule ule kwa vijumba vidogo zaidi, kwa chembe nyingi zaidi, na kwa programu iliyoandikwa na watu wengine. Programu kadhaa kati ya hizo, kama WarpX na Smilei ya Ufaransa, hutolewa bure, na uigaji wa mstari mmoja waweza kuendeshwa katika kompyuta ya kawaida ya shule.

Mgonjwa na tangi la maji

Yapo matumaini kwamba vichapuzi vya plazma vitaingia hospitalini. Hapa inafaa kupima maneno. Mashine zinazotibu saratani kwa elektroni na eksirei kwa sasa si ndefu. Sehemu yake ya kuchapua ina urefu wa mita moja au mbili. Zilizo kubwa na za ghali mno ni zile za protoni, na zile ambazo zingetumia elektroni za nishati ya juu ziwezazo kufika ndani sana mwilini. Huko ndiko leza inakotazamiwa kusaidia, na kazi ingali katika maabara.

Lakini uigaji wa chembe umekwisha fika hospitalini kwa mlango mwingine. Mgonjwa wa saratani atokaye Nambambo kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 500. Hospitali hiyo, iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ilianza kutumia vichapuzi vya kisasa vya tiba mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya mashine za kobalti. Tiba kwa kichapuzi haianzi kwa kuwasha mashine. Huanza kwa picha za mwili wa mgonjwa, ambazo kompyuta huzigawa katika vijumba vidogo, kisha hukokotoa kila kijumba kitapokea mionzi kiasi gani: uvimbe kiasi gani, uti wa mgongo kiasi gani, utumbo kiasi gani. Mgonjwa hutibiwa kwanza ndani ya hesabu.

Wala hesabu hiyo haiaminiwi hivi hivi. Kabla mashine haijapokea mgonjwa wake wa kwanza, mtaalamu wa fizikia huweka tangi la maji chini yake, maana mwili wa binadamu kwa mionzi unafanana na maji. Hutumbukiza kipimo kidogo ndani ya tangi, huwasha boriti, na kusoma. Hushusha kipimo milimita chache, na kusoma tena, kina kwa kina, kwa siku nyingi. Kisha huziweka namba za tangi kando ya namba za kompyuta. Zikipishana kupita kiasi kidogo kilichowekwa, chumba cha tiba hubaki kimefungwa mpaka sababu ijulikane.